Onyo Likija, Miguu Ijue Pa Kwenda: Mwongozo wa Kaya Kabla, Wakati na Baada ya Janga

Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985, volkano ya Nevado del Ruiz nchini Kolombia ililipuka na kuyeyusha sehemu ya barafu iliyofunika kilele chake. Maji hayo yalizoa majivu, mawe na udongo, yakashuka mabondeni, na baada ya saa mbili na ushee tope zito likaufikia mji wa Armero. Walikufa watu wapatao 23,000, wengi wao katika mji huo mmoja. Ramani iliyoonyesha kwamba Armero ilikuwa kwenye njia ya tope ilikuwa imeshatolewa zaidi ya mwezi mmoja kabla. Jioni ile majivu yalikuwa yakidondoka juu ya mapaa, na wakazi wakaambiwa watulie majumbani. Miinuko ya kukimbilia ilikuwa karibu, mwendo wa miguu.

Naanza na Armero kwa sababu elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni kipande cha mwisho: mama au baba mwenye nyumba kujua kwamba likitokea hili, tunatoka saa hiyohiyo, kwa njia ile, hadi pale. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kipande hicho. Sehemu nyingine inahusu maji, kwa kuwa watu wengi walionusurika na janga lenyewe hupotea baadaye kwa magonjwa ambayo yangezuilika kwa ndoo safi na sabuni.

Hatua ya 1: Zijue hatari zako

Chukua karatasi uandike hatari zinazoweza kufika unapoishi. Usiorodheshe kila janga la dunia. Mbili au tatu zinatosha kwa kaya nyingi. Kwa kila moja andika mambo matatu: itatokea upande gani, itatoa dalili gani, na itakupa muda gani. Hilo la muda ndilo linalobadilisha kila kitu. Tetemeko la ardhi halikupi hata dakika moja. Tsunami iliyozaliwa karibu na pwani yako inaweza kukupa dakika chache tu, na iliyozaliwa mbali ikakupa saa kadhaa. Kimbunga hutangazwa siku kadhaa kabla. Ukame hukupa miezi mingi, na bado huua, nitaurudia.

Taarifa utazipata kwa mamlaka ya hali ya hewa na ofisi ya maafa ya eneo lako, lakini usiwaache wazee. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, wimbi kubwa la mwaka 1907 liliua watu wengi, na walionusurika wakawasimulia watoto na wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani, msingoje. Simulizi hiyo iliendelea kutambwa kwa karibu miaka mia. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipofika, kisiwa hicho chenye watu wapatao 78,000 kilipoteza watu 7, ilhali katika nchi zote zilizopigwa walikufa takriban watu 230,000. Waulize wakongwe wa mtaa wako: maji yaliwahi kufika wapi? Ule mteremko uliwahi kumeguka? Mto huu zamani ulipita wapi?

Angalia pia kilichojengwa na binadamu juu yako. Mji wa Derna nchini Libya ulipigwa na kimbunga Daniel mwezi Septemba 2023, lakini maelfu ya waliokufa waliuawa na mabwawa mawili yaliyopasuka juu ya mji usiku wakiwa wamelala. Ukiishi chini ya bwawa, liandike kwenye karatasi yako kama hatari inayojitegemea.

Hatua ya 2: Amua mapema utaondoka lini

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na haigharimu hata senti.

Watu wengi huondoka wamechelewa kwa sababu wanaamua wakiwa tayari wamo ndani ya hatari. Giza limeingia, watoto wanalia, mvua inapiga bati, na kila mmoja ana wazo lake. Basi kaeni kikao cha familia siku ya utulivu mchague alama yenu ya kuondoka. Iwe kitu kinachoonekana na kisichobishaniwa: maji yakifika kwenye jiwe fulani, tahadhari ikipanda hadi daraja fulani, ardhi ikitikisika kwa sekunde 20 au zaidi mkiwa pwani, nyufa mpya zikitokea kwenye mteremko au miti ikianza kuinama. Alama ikionekana, hakuna mjadala wala kumsubiri mwenye nyumba arudi.

Kisha mwamue haya:

Njia mbili za kutokea, maana moja inaweza kuzibwa na maji, kifusi au moto. Zitembeeni zote mbili kwa miguu, mara moja mchana na mara moja usiku, na mhesabu dakika kwa mwendo wa yule anayetembea polepole kuliko wote.

Mahali pawili pa kukutania, pa karibu na pa mbali, kama pa kwanza patakuwa hapafikiki.

Mtu mmoja anayeishi mji mwingine ambaye kila mmoja wenu atamtumia ujumbe wa kusema yuko wapi. Namba yake iandikwe kwenye karatasi, na watoto waikariri, kwa sababu simu huzimika.

Nani atambeba nani. Bibi asiyeona, mtoto mchanga, jirani anayetumia kiti cha magurudumu: kila mmoja awe na mtu wake aliyetajwa kwa jina, na mbadala wake. Muulizeni mwenyewe anavyotaka kusaidiwa. Yeye anaujua mwili wake kuliko ninyi.

Shule za mji wa Kamaishi nchini Japani zilikuwa zimewafundisha watoto kukimbilia juu mara moja bila kuwasubiri wazazi, na wazazi nao walifundishwa kutowafuata shuleni, wakiamini kwamba watoto wameshaondoka. Tsunami ilipopiga tarehe 11 Machi 2011, karibu wanafunzi wote, wapatao 3,000, walinusurika, na wakubwa waliwashika mikono wadogo njiani. Makubaliano ya namna hiyo ni magumu kwa mzazi yeyote. Ndiyo maana yanahitaji kusemwa wazi mapema, na shule ya mwanao iulizwe: siku hiyo mtawapeleka wapi?

Kama mtaa wenu hauna watu wa kupeleka onyo nyumba kwa nyumba, anzisheni. Kimbunga cha Novemba 1970 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh kiliua watu kati ya 300,000 na 500,000. Baada ya hapo nchi hiyo ilijenga majengo ya kujihifadhia na kuandaa makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea wenye vipaza sauti, bendera na baiskeli. Mwaka 1991 kimbunga kikubwa bado kiliua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Kazi ikaendelea, wanawake wengi wakaingizwa kwenye vikosi vya kupeleka onyo, na kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020 watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa na vifo nchini humo vikahesabika kwa makumi. Bahari ni ileile na pwani ni ileile tambarare.

Hatua ya 3: Andaa mkoba wa kuondokea

Mkoba mmoja unaobebeka mgongoni, uliowekwa karibu na mlango. Ndani yake: maji ya kunywa, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi na betri, redio ndogo, filimbi, chaja ya akiba ya simu, dawa za kila siku za wagonjwa kwa wiki moja walau, vifaa vya huduma ya kwanza, sabuni, pedi, nguo moja ya joto kwa kila mtu, fedha taslimu za noti ndogo, na vidonge vya kutibu maji. Filimbi usiidharau. Mtu aliyefukiwa akipiga kelele huishiwa nguvu haraka na huvuta vumbi. Filimbi husikika mbali kwa pumzi kidogo.

Nyaraka ziwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba au shamba, kadi za kliniki na chanjo za watoto. Zipige picha pia na kumtumia yule mtu wenu wa mji mwingine. Watu waliopoteza hati wakati wa janga huhangaika kwa miaka kuthibitisha kwamba kiwanja ni chao, na mara nyingi wajane na yatima ndio wanaoshindwa.

Nyumbani weka akiba ya maji ya siku tatu kwa hesabu ya lita nne kwa mtu kwa siku. Makabati marefu yafungwe ukutani kama mko kwenye ukanda wa matetemeko, na kitanda kisiwekwe chini ya kitu kizito.

Hatua ya 4: Saa yenyewe ikifika

Tetemeko la ardhi. Ukiwa ndani, jishushe chini kwa magoti na mikono, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa na shingo, shikilia hadi mtikisiko uishe. Usikimbilie ngazi wala lifti, na usisimame mlangoni ukidhani fremu itakulinda. Ukiwa nje, jitenge na kuta, nguzo na nyaya. Mtikisiko ukiisha toka, na usirudi ndani ya jengo lililopasuka hata kwa dakika moja. Tarehe 6 Februari 2023, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria alfajiri; mchana wa siku hiyohiyo likaja jingine la 7.5. Majengo yaliyokuwa yamelegezwa na la kwanza yaliangushwa na la pili.

Mafuriko. Nenda juu, nenda mapema, na usivuke maji yanayokimbia. Sentimita 15 tu za maji yenye kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuibeba gari ndogo, na 60 huyabeba magari mengi makubwa. Wengi wanaokufa kwenye mafuriko wamo ndani ya magari, na dereva alikuwa akiijua ile barabara vizuri sana. Asichoweza kujua ni kama bado ipo chini ya maji. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia, lakini kama umesimama majini, usiiguse. Usijifungie kwenye dari lisilo na tundu la kutokea juu ya paa.

Tsunami. Mtikisiko mrefu, bahari kurudi nyuma isivyo kawaida, au ngurumo kutoka baharini: lolote kati ya hayo ni amri ya kuondoka, usingoje king'ora. Lenga mwinuko wa mita 30 au umbali wa kilomita 3 kutoka ufukweni. Ukishindwa, panda jengo imara la zege. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na mengine huendelea kwa saa kadhaa. Wanaoteremka kuokota samaki au kutafuta mali hukutwa na la pili. Umbali nao usikudanganye: mwaka 2004 mawimbi yalivuka Bahari ya Hindi nzima na kuua takriban watu 300 Somalia, saa nyingi baada ya tetemeko. Kenya, ambako fukwe zilifungwa kabla hayajafika, alikufa mtu mmoja.

Kimbunga. Kaeni chumba cha ndani, mbali na madirisha. Upepo ukitulia ghafla na anga kung'aa, huenda jicho la kimbunga liko juu yenu. Upepo utarudi kutoka upande wa pili, na kwa nguvu. Kaeni ndani hadi mamlaka itangaze.

Maporomoko ya udongo hutanguliwa na sauti ya miti kuvunjika au mto kubadilika rangi ghafla. Kimbia kwenda pembeni mwa njia yake. Usishindane nayo kuteremka.

Volkano. Ondoka mabondeni kwanza, maana tope na lava hufuata mabonde. Majivu yakinyesha, funika pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa, na mapaa yafagiliwe kabla hayajaelemewa, kwa kuwa majivu yaliyolowa ni mazito kiasi cha kuangusha nyumba. Karibu na volkano kama Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, gesi ya kaboni dioksidi hujikusanya kwenye mashimo na sehemu za chini, hewa ambayo wakazi wa huko huiita mazuku. Haina rangi na huua kimyakimya. Watoto na mifugo wasiachwe kulala mabondeni.

Hatua ya 5: Saa za kwanza baada ya kishindo

Jichunguze mwenyewe, kisha watu wa nyumbani, kisha jirani. Mpangilio huo si uchoyo: ukizimia njiani utakuwa mtu mwingine wa kubebwa.

Mji wa Kobe, Japani, ulipopigwa na tetemeko tarehe 17 Januari 1995, watu 6,434 walikufa. Walio wengi kati ya waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na ndugu na majirani, kwa mikono na vifaa vya nyumbani, kabla ya vikosi vya uokoaji kufika. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mahali. Ndege za misaada na mbwa wa kunusa huja baadaye, na kuja kwao ni muhimu, lakini saa za mwanzo ni zenu. Kwa hiyo mtaa uwe na sululu, koleo, kamba, msumeno na machela mahali panapojulikana, na ufunguo usiwe kwa mtu mmoja.

Mnapotafuta watu, kila baada ya muda mfupi mwamuru kila mtu anyamaze kabisa, mzime injini, msikilize. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Mtu ambaye mguu au mkono wake umebanwa na kitu kizito kwa zaidi ya saa moja anaweza kuzidiwa ghafla akishafunguliwa, kwa sababu sumu za msuli uliopondeka huingia kwenye damu. Kama mhudumu wa afya yuko karibu, mwite kabla hamjanyanyua.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kibiriti wala swichi. Funga bomba na utoke. Tumia ujumbe mfupi badala ya kupiga simu, kwani ujumbe hupita hata mtandao ukiwa umezidiwa. Na usiku wa baridi usiingize jiko la mkaa au jenereta ndani ya chumba au hema mlimofunga. Familia nzima zimenusurika na tetemeko au kimbunga, kisha zikafa kwa hewa ya mkaa.

Hatua ya 6: Maji, kabla ya kitu kingine chochote

Mwezi Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko lililoivunja Haiti, kipindupindu kilizuka kandokando ya mto Artibonite. Kilikuwa kimetokana na kinyesi kutoka kambi ya askari wa kulinda amani, na mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulikiri kuwa na mchango katika mkasa huo. Karibu watu 10,000 walikufa. Nchi ile ilikuwa imejaa misaada, madaktari na magari ya mashirika, na bado ugonjwa unaoenezwa na maji machafu ukapita katikati yao. Linganisha na Beira, Msumbiji: kimbunga Idai kilipiga katikati ya Machi 2019, kipindupindu kikaibuka, na mwanzoni mwa Aprili ikaanza chanjo iliyowafikia watu zaidi ya 800,000 kwa siku chache, sambamba na kazi ya kurudisha maji safi. Mlipuko ukadhibitiwa.

Kwa hiyo chukulia kwamba kila chanzo cha maji kimechafuka hadi ithibitishwe vinginevyo, hata kisima chako mwenyewe. Fanya hivi:

Yaache maji yatuame kwenye ndoo, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kuchuja hakuui vijidudu, ila kunaisaidia dawa kufanya kazi.

Chemsha hadi yatokote kwelikweli kwa dakika moja. Mahali palipo juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Kama hakuna kuni wala gesi, tumia klorini. Vidonge vifuate maelezo ya pakiti. Ukitumia dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, isiwe na manukato wala sabuni, na soma nguvu yake kwenye chupa: yenye asilimia 5 hadi 6, matone 2 kwa lita moja, yenye asilimia 1, matone 10 kwa lita. Maji yakiwa na ukungu, ongeza kipimo mara mbili. Koroga, subiri nusu saa. Yakiwa na harufu hafifu ya klorini, ni sawa.

Kama huna chochote kati ya hivyo, jaza maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zilaze juani saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili nzima.

Hifadhi maji yaliyotibiwa kwenye chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba au koki. Maji mengi husafishwa vizuri kisha huchafuliwa na kikombe kinachochovywa na kila mkono.

Choo kiwe mbali na chanzo cha maji na upande wa chini yake, walau mita 30. Kama hamna choo, fukieni kila kinyesi, cha watoto pia. Watu wazima wengi hudhani cha mtoto hakina madhara, na kina. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula na baada ya choo. Kukosekana kwa sabuni, majivu hufaa.

Mtu akianza kuharisha, mpe maji ya dawa ya kurudisha maji mwilini tangu mwanzo. Kama pakiti hazipo, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Pima kwa makini, kwa maana chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Mnyweshe kidogokidogo na mara kwa mara hata akitapika. Kuharisha maji meupe kama ya mchele, macho kuingia ndani, mtoto kukosa nguvu ya kunywa: mkimbize kwenye kituo cha tiba usiku huohuo. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, na kikitibiwa mapema takriban wote hupona.

Hatua ya 7: Ukifika kambini au kwenye kituo cha hifadhi

Jiandikishe siku ya kwanza, kila mwanakaya kwa jina lake, ili hata mkitengana kila mmoja awe na haki yake. Misaada ya kibinadamu haiuzwi. Anayekudai fedha, kazi au mwili wako ili akupe chakula anatenda uhalifu; kila shirika la maana lina njia ya kupokea malalamiko, iulizie mapema.

Vijue vipimo ambavyo mashirika yenyewe yamekubaliana duniani chini ya mpango wa Sphere: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba lisilozidi mita 500 kutoka unapokaa, choo kimoja kwa watu 20, nafasi ya kulala ya mita za mraba 3.5 kwa mtu. Mwanzoni havifikiwi mara nyingi. Lakini kamati ya wakazi inayokwenda kwenye mkutano na namba hizi husikilizwa kuliko inayokwenda na manung'uniko. Vyoo vya wanawake viwe na komeo la ndani na taa. Hilo lisiachwe kwa ajili ya baadaye, kwa kuwa wanawake na wasichana hushambuliwa njiani kwenda chooni tangu usiku wa kwanza.

Watoto wapewe chanjo ya surua haraka, maana ugonjwa huo hukimbia sana penye msongamano. Mama anayenyonyesha aendelee. Hofu na uchovu haviyakaushi maziwa kama watu wanavyodhani. Anachohitaji ni kunywa, kula na kupumzika. Maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji machafu yameua watoto wengi kambini, hivyo yabaki kwa wale tu wasio na namna nyingine.

Ukitenganishwa na mtoto au mzazi, wafuate watu wa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu. Wana huduma ya bure ya kuwatafuta ndugu kuvuka mipaka. Na ukimkuta mtoto peke yake, usimchukue kwenda naye mbali, hata kwa nia njema. Mwandikishe hapo alipopatikana, kwa sababu hapo ndipo mama yake atakapoanzia kumtafuta.

Kuhusu waliokufa, iko imani kwamba miili huleta mlipuko wa magonjwa, na kwa hiyo izikwe shimo moja upesi. Kwa waliouawa na tetemeko, maji au upepo, si kweli; walio hai ndio wanaobeba maradhi. Tahadhari maalumu huhitajika kwa waliokufa kwa kipindupindu au Ebola. Wengine wapigwe picha, waandikwe alama na mali walizokutwa nazo, wazikwe kila mmoja mahali panapotambulika. Familia ina haki ya kujua kaburi la mtu wake.

Hatua ya 8: Janga linalokuja polepole

Ukame haupigi king'ora. Mwezi Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia. Onyo lilikuwa limetolewa kwa miezi kadhaa. Utafiti wa baadaye ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi walikuwa wameshakufa kabla neno lenyewe halijatamkwa. Kwa hiyo usisubiri tangazo.

Alama za kuondoka au kubadili mpango hapa ni za namna nyingine: bei ya mnyama mmoja imeshuka hadi kununua nafaka nusu ya ilivyokuwa, kaya zimeanza kula mbegu za kupanda, milo imepungua hadi mmoja. Uza mifugo michache mapema ingali na nyama, ubaki na majike wa kuzalisha. Pimeni watoto wa miezi 6 hadi 59 kila baada ya wiki mbili kwa utepe wa kuzungushwa kwenye mkono wa juu, unaopatikana zahanati. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali na mtoto huyo apelekwe kliniki siku hiyo. Kati ya 115 na 125 aandikishwe lishe ya nyongeza. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu: shimo likibaki, ana uvimbe wa utapiamlo, hata kama mkono wake unaonekana mnene. Mama yeyote anaweza kufundishwa hili kwa dakika chache, na anayempima mwanawe mwenyewe humwahisha kuliko anayengoja mhudumu apite.

Hatua ya 9: Kama uko mbali na unataka kusaidia

Toa fedha. Najua nguo zinaonekana kuwa na upendo zaidi, lakini marobota ya nguo zisizofaa na dawa zilizokwisha muda yamewahi kuziba bandari na viwanja vya ndege hadi mahema na madaktari wakashindwa kupita. Baada ya tsunami ya 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulibaki na shehena za dawa zenye maandishi ambayo hakuna mtu wa pale aliyeweza kuyasoma, na kuziteketeza kukawa gharama nyingine. Fedha hununua kinachohitajika, hununua kwa wafanyabiashara wa hapohapo ambao nao wamepoteza, na humwachia aliyeathirika heshima ya kuchagua mwenyewe.

Kabla ya kutoa, hakikisha shirika lilikuwepo katika eneo hilo kabla ya janga, au linafanya kazi na wenyeji. Namba ya kuchangia ichukue kwenye tovuti au tangazo rasmi la shirika lenyewe, kamwe si kwenye ujumbe uliosambazwa. Matapeli huamka saa ileile habari inapotoka. Usisambaze picha za majeruhi au maiti. Usisambaze onyo ambalo hujaliona kwa mamlaka husika, kwa kuwa uvumi wa wimbi jingine au bwawa jingine umewahi kuwatimua watu barabarani wakaumizana bure. Usisafiri kwenda huko kwa hiari yako kama huna ujuzi unaohitajika na kikosi kinachokungoja. Utakula chakula chao na kulala mahali pao.

Gawanya mchango wako mara mbili. Nusu itoe sasa, nusu itoe miezi sita baadaye, kamera zikishaondoka. Wakati huo watu wanajenga upya, shule bado ziko kwenye mahema, na fedha za wafadhili mara nyingi zimeshahamia kwenye janga jingine. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu yako siku unayotoa nusu ya kwanza.